Ulimi wa Shangazi

Dukani kwetu Nizwa, nyuma ya friji la maziwa,
lipo sanduku la usingizi. Liliundwa kwa wagonjwa
na wasafiri wa nyota. Sisi tumemlaza shangazi Thuwaiba,
mzima wa afya, kwa ajili ya haluwa.

Siku ya Arafa tunamwamsha, saa moja tu.
Zamani baba ndiye aliyeshika kijiko. Sasa mimi.
Anaonja kimya, barafu ikimtiririka kwenye nyusi:
"Iliki mmeipunja. Na zaafarani hii ya wapi?"
Tunaandika. Analalamikia joto. Anauliza kama Salmin ameoa.
Salmin ana wajukuu; tunasema bado.
Kisha anajilaza mwenyewe, anavuta kanga hadi kidevuni,
kama mtu aliyeshiba wali.

Nilikuwa na miaka sita tulipofunga kile kifuniko.

Jana alasiri alifumbua macho,
akatazama mvi zangu, akatazama kijiko kinavyotetemeka,
asinijue.
Akajiinua kwa adabu, kama alivyofunzwa kwao,
akasema, "Shikamoo, bibi."

Nikaitika marahaba.
Ya haluwa hakusema kitu,
wala sikumuuliza.