Safu Nne

Redio ilitangaza tangu Jumapili,
nasi tukacheka. Huku kwetu kusini mwa Louisiana,
mto unapokaribia kumalizana na bahari,
koti ni la misibani,
na kipupwe ni wiki mbili za kulalamika.
Jumatatu Anatole akawaona mwari
wamejikunyata juu ya nguzo za gati,
midomo wameificha manyoyani,
wala hawakuruka alipowapigia kelele.
Hakucheka tena.

Tulikuwa na michenza mia sita na arobaini.
Maji ya pampu yalitosha safu nne.

Hebu chagua wewe:
safu alizozipanda baba kwa mkono mmoja
mwaka ule alipovunjika wa kulia,
au zile changa za kando ya tuta
ambazo benki ndiyo yenye mizizi yake?
Anatole alitaka za benki.
Mimi nilitaka za baba.
Tuligombana kwa minong'ono, gizani,
tukihofia miti itasikia.

Kisha kazi.
Tukarundika udongo mashinani
mpaka juu ya kovu la pandikizo,
kila mti tukiufukia hadi kiunoni,
kwa sepeto, kwa sufuria,
Odalie, wa miaka minane, kwa kofia yake.

Saa nane za usiku tukafungua maji.
Dawa ya moto ni moto;
ya barafu, kumbe, ni barafu:
unaumwagia mti maji, maji yanaganda,
na ndani ya ganda hilo tunda linabaki hai.
Baba alinifundisha, nami sikuwahi kumwamini.
Nilisimama na kurunzi nikiyatazama machenza
yakivaa vioo, moja moja.

Kwenye safu zisizo na maji
magome yakaanza kupasuka.
Pa.
Kimya.
Pa.
Anatole aliacha kuhesabu alipofika arobaini.
Mimi sikuacha.

Alfajiri, theluji.
Ilikuwa juu ya mitego ya kaa,
juu ya makaburi yetu yanayojengwa juu ya ardhi
kwa kuogopa maji,
kwenye pua ya Bikira wa saruji
uani kwa Eustis Barrois.
Mtaa mzima ulikuwa nje na viatu vya mvua,
soksi mikononi badala ya glavu,
watu wazima wameachama kuelekea mbinguni
kama makinda.
Odalie akachukua kifuniko cha sanduku la barafu
(la barafu! baadaye tulilicheka sana hilo)
akateremka tuta la mto kwa makalio,
akapanda, akateremka tena.

Nami nilikuwa na hesabu yangu kichwani:
mia moja na nane, mia moja na tisa.

"Shangazi, njoo!"
Nikakataa. Akaita tena.
Nikakaa nyuma yake kwenye kifuniko,
magoti masikioni,
mwanamke wa miaka hamsini na tisa, mwenye deni,
tukashuka.
Nilipiga yowe. Mpaka leo sijui lilikuwa la nini.

Siku ya tatu yote yakayeyuka.
Machenza yaliyokufa yalibaki mtini,
mazuri kwa macho, mekundu kuliko ya sokoni.
Ukiliminya moja, linakutapikia maji.
Shamba zima likanuka jamu iliyochacha.

Machi nikapita na ukucha wa kidole gumba
nikikwangua magome.
Kahawia. Kahawia. Kahawia.
Mti mmoja nusu kahawia, nusu sijui.
Kwenye safu nne, kijani
(mbili za baba, mbili za benki;
hatukushindana, tulichoka tu).
Odalie alinifuata nyuma, naye akikwangua,
akaniuliza theluji itarudi lini.

Nikasema, Mungu apishe mbali.
Kisha nikauona uso wake.
Labda, nikasema. Ukishakuwa mkubwa.
Ukucha wangu ukahamia mti uliofuata.