Chuma cha Sotheavy

Kila wiki ya tatu, Jumatano, anakuja
na soksi zisizofanana, miaka tisa, midomo imepauka,
ananichagulia mshipa kama achaguaye nyanya:
"Si huo. Huo umechoka."

Nje, mifereji ya Lowell imeganda.
Bibi yake kakaa dirishani, sweta mbili.
Amemfunga mjukuu uzi mwekundu kifundoni,
nami nafunga mpira wangu juu ya uzi.
Hatugombani. Kila mtu na fundo lake.

Damu nzito kuliko maji, ndivyo tulivyofunzwa.
Hii ni nyepesi, huvunjika kabla ya safari,
basi tunamwazimia: ya dereva wa gari la theluji,
ya mwalimu wa hesabu, ya mlevi aliyetubu,
mfuko juu ya mfuko, na kila mfuko una chuma,
na chuma hakijui mlango wa kutokea.
Kinachuma makao kwenye ini. Kinabisha hodi moyoni.
Aliniuliza kama sumaku ya friji itamnasa.
Nilicheka. Kisha nikaenda stoo kuhesabu glavu.

Mama yake, Channimol, ana mimba ya wiki kumi na moja.
Daktari alimchorea miraba minne,
mmoja akaujaza wino: thalasemia.
"Wote wawili mmebeba, wala hamkuugua."
Baba akatazama viatu vyake.
Mama akasema, "Basi robo yetu tumeshailipa. Si huyu hapa?"
Daktari akafunika kalamu.
Karatasi haina kumbukumbu, alisema,
kila tumbo inaanza upya.

Leo nimemwambia bibi, Sotheavy akitafsiri:
kwetu Muheza jina lake ni selimundu, ndugu wa mbali wa hii yenu.
Mbu wa Battambang na mbu wa Bonde hawajuani,
ila waliwakopesha wazee wetu kwa masharti yaleyale:
ngao moja, utaishi na homa ikupite;
ngao mbili kwa mtoto mmoja, ni kisu.
Nikamtaja Mwinjuma, mdogo wangu, aliyekuwa na miaka kumi na miwili.

Bibi alikaa kimya muda mrefu.
Akasema maneno machache. Mtoto akanigeukia:
"Anauliza, yeye alipata mifuko mingapi?"

Nikafungua koki.
Nikatazama tone la kwanza likishuka,
na la pili.