Maganda ya Jozi

Siku ya kwanza sikumfungulia.
Nilimchungulia kwenye tundu la mlango: mwanamke mfupi,
koti la kijani limekatika kifungo, anahema,
maana lifti yetu ilikufa kabla Tornike hajazaliwa.
Nikasema kimoyomoyo, huyu katumwa na shule,
atashuka ngazi na jina langu mdomoni,
kila mlango ataacha kipande.
Akaketi kwenye ngazi. Akala tufaha. Akaenda zake.

Jumanne iliyofuata akagonga tena.
"Mimi Lamzira," akasema na ubao wa mlango.
"Leo sina fomu. Nina kilo mbili za jozi
na kucha zangu haziziwezi."
Nani humfukuza mgeni mwenye jozi, Oktoba, Imereti?
Nikafungua.

Mwanangu alikuwa chini ya meza.
Mwezi wa tano huo, chini ya meza,
tangu gari la waya liliponing'inia juu ya bonde
saa saba nzima, baba yake ndani,
sisi huku chini tumekodoa macho hadi shingo zikakaza.
Akashuka mzima. Akanywa maji.
Juma lile lile akapanda basi la Poland
na hajaandika.

Ukifiwa, watu huleta mikate.
Ukiachwa, huleta maswali.

Lamzira hakuinama kumtazama.
Alikaa sakafuni, mgongo kwenye jiko la kuni,
akabangua, akabangua,
maganda akiyasukuma kuelekea mezani
moja
moja
bila "njoo", bila "mtoto mzuri".
Saa kumi hivi mkono mdogo ukatoka gizani,
ukachukua ganda, ukarudi.
Ukatoka tena.
Aliyapanga: yaliyopasuka sawa huku,
yaliyopasuka vibaya kule.
"Anajua kugawanya," Lamzira akaniambia,
kama mtu anayesema nje kuna mawingu.

Shule ilikuwa imesema: mvivu.
Mama mkwe: jicho la watu.
Daktari wa Kutaisi alisema neno refu,
akaliandika, akanilipisha.
Mimi nilisema ni mimi,
ila hilo nililisema kwenye tanuri, alfajiri,
kichwa ndani ya joto, mikate ikinisikia.

Jumanne ya sita, au ya saba, theluji dirishani,
akaniuliza mimi, si yeye:
"Na wewe, Nazibrola, unalala?"
Nikafungua kinywa nicheke.
Kikatoka kitu kingine.

Hakunipa methali. Hakusema yatapita.
Alisubiri, kisha akasema:
"Alhamisi, chumba cha nyuma ya maktaba.
Tuko wanawake wanne na mwanamume mmoja asiyesema.
Jiko linafuka moshi. Njoo na kiti chako."

Nilikwenda na stuli ya jikoni,
nimeifunika shali, kama niliyeiba.
Yule mwanamume alikuwa na mikono ya grisi.
Alhamisi ya tatu akasema, akiitazama sakafu:
"Siku ile zamu ilikuwa yangu. Mimi ndiye fundi."
Miezi minane nilikuwa nimemlaani mtu huyo
bila kumjua sura, na sura yenyewe ndiyo hii,
masikio makubwa, kola imeshonwa na asiyejua kushona.
Hakuna aliyemjibu.
Mkono mmoja ukamsogezea sukari.
Ulikuwa wangu; sijui uliamua lini.

Machi, Tornike akavaa viatu.
Tukashuka ngazi themanini na nne, alizihesabu,
tukafika lango la shule, akahesabu nondo zake,
tukarudi. Siku tatu hivyo.
Ya nne, mwalimu Mzia alikuwa amehamisha dawati
likakaa kando ya mlango, mlango umeachwa wazi,
darasa zima limevaa makoti kwa baridi iliyoingia.
Akakaa somo la hesabu. Hesabu tu.
Wiki hii kaenda mara mbili. Iliyopita, hata mara moja.

Nikifagia chini ya meza
huacha ganda moja palepale.
Huenda akalihitaji.
Huenda nikalihitaji mimi.