Kiasi Chake

Helju amevunjika kifundo cha mkono Jumanne,
kwenye ngazi za posta,
barafu nyembamba kama kaka la yai.
Daktari kamvika plasta hadi kiwikoni,
karudi nyumbani amekunja uso, wala si kwa maumivu:
kuku alikuwa ameshanunuliwa.

Basi leo zamu yangu.
Miaka thelathini na mmoja karakana ya reli, hapa Tapa,
nimefumua injini kubwa kuliko jiko hili
nikazirudisha zikanguruma.
Unga na mayai vinishinde?

“Mayai mawili,” asema kutoka kitini,
mguu juu ya stuli, mkono juu ya mto,
kama jaji aliye likizoni.
“Maziwa?”
“Kiasi.”
“Kiasi gani?”
“Kiasi chake.”
Nachukua penseli, naandika: *kiasi chake.*
“Unga je?”
“Mpaka utosheke.”
“Nani, mimi au unga?”
“Unga, Heino. Wewe hujapata kutosheka.”

Nikakoroga.
Nikakoroga kama nilivyofundishwa kukaza nati,
mpaka bega likalia, mpaka rojo likawa gundi,
na tonge la kwanza likazama kama boliti,
likatulia chini ya sufuria, halitaki mazungumzo.
Nililitoa. Muri alilinusa,
akalibeba polepole hadi chini ya kochi,
akiba ya siku za njaa.

“Umeupiga unga kama unaudai,” akasema Helju.
“Anza upya. Koroga hadi uchanganyike, basi,
kisha uache. Vibonge viwili vitatu havidhuru.
Inua kijiko, utazame:
usikimbie kama maziwa, usigande kama lami,
uning’inie, ufikiri kidogo,
ndipo uanguke.”

Nikainua. Rojo likaning’inia.
Likafikiri.
Nami nikafikiri pamoja nalo:
mwanamke huyu kila Jumapili alisimama hapa,
kanipa mgongo, mvuke ukimpanda shingoni,
na mimi nyuma ya gazeti nikiuliza, “Tayari?”

Lakini rojo halikutaka kuachia kijiko.
Nikalisukuma kwa kidole, kidole kikaungua,
nikatoa neno la karakana.
Helju akacheka hadi plasta ikagonga meza.
“Kijiko kwanza kiingie mchuzini!
Kikishaonja moto, haking’ang’anii kitu.”

Nikakichovya. Nikachota. Nikainamisha.
Tonge likateleza, *chubwi*, bila hata kuaga.
La pili. La tatu. La kumi na moja.

“Kwa nini hukuniambia, miaka arobaini na minne?”
“Hukuuliza.”

Kuuliza si ujinga, husemwa.
Kutouliza miaka arobaini na minne
sijui huitwaje.

“Moto punguza. Mchuzi usicheke, utabasamu tu.”
Nikapunguza. Sufuria ikatabasamu:
karoti, jani la bei, macho ya mafuta ya kuku,
na huko chini klimbi zangu, kimya, hazionekani,
moyo wangu umezama nazo.
Kisha moja ikaibuka,
ikageuza tumbo lake jeupe, limevimba, lina kiburi.
Nyingine. Nyingine.
Nilipaza sauti kana kwamba treni iliyokwama Rakvere
imeingia stesheni.

Alikula kwa mkono wa kushoto,
shibiti ikadondokea plasta,
karibu na pale Maimu wa ghorofa ya pili alipoandika jina.
Nikangoja.
“Chumvi,” akasema.
“Imezidi?”
“Ipo.”
Wanaomjua Helju wanajua hiyo ni nishani.

Plasta itakatwa baada ya wiki sita.
Usiku naosha sufuria, nakuta moja imeganda ukingoni,
baridi, haina umbo, imekosa bahati.
Naila nimesimama.
Treni ya Tartu inapita, vikombe vinatetemeka rafuni,
na chumbani sauti yake, ya usingizi nusu:
“Heino, kijiko usikisugue kwa waya.”