Mshale wa Koki

Maji ya mgao hufika Isevya saa nane za usiku
na hayapigi hodi.
Bomba linakohoa ukutani, mara mbili,
kisha koki iliyo chini ya tangi letu inaanza:
vuuu, tatata, vuuu,
kama mzinga uliopigwa teke,
kama treni ya mizigo inayotaka kuondoka stesheni
na haiondoki.

Miezi minne.
Nyamizi akajifunza kulala na mto juu ya sikio.
Mimi nikajifunza kumlaumu Sizya.

Sizya fundi bomba, wa kule Ipuli,
mwenye baiskeli isiyo na breki na penseli nyuma ya sikio,
alitandaza bomba, akafunga boya, akasema,
"Koki nitakuja kuifunga kesho, bosi, giza limeingia."
Kesho yake sikumngoja.
Nina mikono, nikasema. Nina spana malaya.
Nikafunga mwenyewe, nikazungusha tepu
mpaka koki ikavaa kilemba,
na ilipoanza kulia
nikamkata Sizya elfu kumi na tano
kwa kazi mbovu.

Usiku wa Alhamisi nikatoka na kaptula,
simu nimeing'ata mdomoni, taa yake ikinitangulia.
Nikaanza na boya: nikalinyanyua, kelele ikakoma,
nikaliachia, ikarudi.
Si boya.
Nikabana nati. Ikalia kwa sauti nyembamba zaidi.
Nikaweka kiganja juu ya shaba
nikasikia kitu ndani kikipigapiga,
kidogo, chenye hasira,
kama mtu anayesukuma mlango
unaofunguka kwa kuvuta.

Hapo nikafuta tope kwa kidole gumba.
Mshale.
Umo kwenye shaba tangu kiwandani,
mfupi kama ukucha wa mtoto,
unaelekea barabarani.
Maji yanakuja huku, mshale unasema kule.
Miezi minne nimeyaamuru maji
yaingie kwangu kinyumenyume.

Nikafunga kwenye mita. Nikafungua, nikageuza.
Raba ilikuwa imelika upande mmoja
kama kisigino cha ndala ya mchuuzi;
nikakata nyingine kwenye tyubu ya baiskeli,
nikaipachika, nikabana kwa kiasi,
nikayarudisha maji.
Yakapita kama mtu mwenye adabu anayeingia msibani.

Nyamizi dirishani: "Yamekatika?"
"Yanapita."
"Mbona siyasikii?"
"Ndiyo kazi yenyewe."

Asubuhi nikaenda Ipuli na elfu kumi na tano.
Sizya alikuwa anapiga mswaki.
Nikamweleza habari za mshale, zote, hata kilemba.
Hakucheka. Alitema povu, akahesabu noti,
akauliza,
"Hiyo tepu ulizungusha upande gani?"
Nikaaga.

Jumamosi mama Tausi wa ukuta wa pili akasimama mlangoni,
ndoo tatu, zote tupu.
"Baba Kalunde, mgao wamehamisha?
Usiku wa pili huu hatujasikia koki yenu."
"Koki yetu?"
"Si ndiyo inayotuamsha? Sisi, na kwa kina Amisi,
na wale wapangaji wa uani.
Ikilia tu, kila mtu na ndoo yake."

Nilitazama tangi letu.
Lilikuwa limejaa mpaka linatoa jasho.
Nikamjazia ndoo zake tatu,
tukaongea habari za bei ya mkaa.

Usiku ule sikulala.
Saa nane na ushee bomba likakohoa, mara mbili,
halafu kimya, kimya nilichokitafuta miezi minne.
Nikatoka na spana.
Mshale sikuugusa.
Nilisimama kwenye nguzo ya chuma ya uzio
nikaigonga: kong, kong, kong,
mpaka taa ikawaka kwa mama Tausi,
mpaka nikasikia ndoo zikigombana uani
na mtoto wa Amisi akiuliza nani kaanza foleni.

Niliporudi kitandani
Nyamizi hakusema neno.
Aliuvuta mto,
akauweka tena juu ya sikio.