Gitaa la Riali Kumi na Mbili

Nililitoa Wadi Kabir, soko la Ijumaa,
shingo imepinda kama ya mtu aliyeitwa kwa nyuma,
na mkoba wake umejaa mchanga.

Nikalitia vigingi vipya. Sumaku kutoka Dubai.
Kidaraja cha nyuzi nikakichonga kwa mfupa wa ngamia
alionipa mchinjaji wa Ibra; chumba kikanuka siku tatu.
Lehemu ikaniunguza kidole, kilekile cha kubonyezea.

"Si ungenunua jipya," asema Bi Zuwena,
"na chenji ikabaki?"

Sasa linaimba. Ila kiyoyozi kikiwaka
vinajibizana, mke na mke mwenza.

Agosti, Ruwi, digrii arobaini na nne:
nakizima.
Jasho latona nyuzini.
Chumba cha pili mama ajipepea kwa risiti zangu:
"Haya, malizia basi. Tunaiva."