Chupa ya Nne

Lita mbili za maji, si zaidi,
Ragnfrid amezichota chini ya gati la pili, Florø,
saa tisa alasiri na giza la Januari limeshaingia:
huku jua hubisha hodi, halingoji kukaribishwa.
Chujio jeupe, dogo kama kifungo cha koti,
likainywa bandari.

Kila kiishicho humwaga kidogo chake:
ute, gamba, kinyesi, punje ya ngozi.
Hakuna apitaye majini
asidondoshe jina.

Anamsaka mmoja
ambaye wavuvi wamempa jina lisilotajwa mezani:
matapishi ya bandari.
Hana uso, hana mguu;
ni umati wa viumbe walioshikana wakawa ngozi moja,
rangi ya uji uliolala,
abiria asiye na tiketi chini ya matumbo ya meli.
Kwetu mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu atalishikaje?
Huja na blanketi lake,
hulitandika juu ya kome waliolala
na kome hawaamki.

Usiku kucha mashine hurudufu kisichoonekana,
moja kuwa mbili, mbili nne, nne nane.
Chupa sita. Moja ni shahidi, maji safi ya maabara,
kazi yake kunyamaza tu.
Ikanyamaza.
Duru ya thelathini na sita,
mstari wa chupa ya nne ukainua shingo.

"Umemwona?" akauliza Oddvar, mkuu wa bandari.
"Sijamwona. Yupo, au alipita, au amekufa,
au meli fulani imemwaga maji yake hapa."
"Basi huna kitu."
Na kweli, nani afunge soko kwa ajili ya mstari?
Kome wa Sigbjørn wananing'inia kambani, tani kumi na moja,
lori linakuja Alhamisi.

Eilert akapiga mbizi. Hakuna.
Akapiga tena. Baiskeli ya mtu, na hakuna.
Ragnfrid akarudi kwenye ndoo, akaisugua,
akawaza labda ni glavu, labda ni mimi,
labda nimeyaleta mwenyewe kwenye mkono wa sweta.
Akaipima chupa ya nne mara tatu.
Mara tatu, shingo ileile.

Jumatano Eilert alizama na taa
chini ya mashua ya tanga
ambayo haijang'oa nanga tangu mwenyewe augue.
Tukahesabu mapovu.
Alipoibuka hakusema neno;
alivua glavu kwa meno
akatuonyesha kucha ya kidole gumba.
Ukubwa huo.

Oddvar akatafuta simu mfuko usio wake.
Sigbjørn alikuwa amesimama, akaendelea kusimama.
Ragnfrid, chupa tupu bado mkononi,
akasema polepole, kama anayemwomba mtu radhi:
"Nilitumaini ni glavu."